Kabla Hujanunua Beringi Nyingine: Mwongozo kwa Mwenye Gari la Tabo Dar es Salaam

Forester yangu, Subaru yenye tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi), ilinoki mara mbili ndani ya miezi minne. Mara ya kwanza nilikuwa Barabara ya Morogoro, nimemaliza kupanda Kimara, nikasikia ko-ko-ko nzito ikitokea chini ya miguu yangu. Gereji ya kwanza waliifungua injini, wakatoa kranki (shafti kuu inayozunguka), wakaipiga msasa, wakaweka beringi mpya za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki), wakafunga. Nikalipa nikashukuru. Wiki kumi na moja baadaye ikarudi sauti ileile, kwenye silinda ileile.

Safari ya pili gari lilibebwa hadi Ilala, kwa fundi mmoja mtu mzima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Zile beringi za mwanzo ziko wapi?"

Sikuwa nazo. Zilishatupwa. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Sasa tutajuaje kilichoziua?"

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya swali lile. Kila wiki mjini hapa kuna mtu wa Subaru, Evo au Chaser anayenunua beringi nyingine bila kujua zile za kwanza zilikufa kwa nini. Beringi ya konrodi huwa haifi kwa uzee tu kwenye injini ya tabo inayotunzwa. Kuna kitu kinaiua, na kama hukukitoa, kitaiua na hiyo mpya.

Kwanza tuelewane maneno

Neno "kunoki" limebeba mambo mawili mjini kwetu, na kuyachanganya kunatugharimu. Kuna kugonga kwa mafuta ndani ya silinda, ambako humu nitakuita detonesheni, na kuna kugonga kwa beringi iliyokwisha. Mara nyingi la kwanza ndilo linalozaa la pili.

Mwako wa kawaida unakwenda hivi: plagi inatoa cheche kabla pistoni haijafika juu kabisa, moto unaanzia hapo na kusambaa kama moto wa nyika unavyokula majani makavu, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Presha inapanda kwa mpangilio, inaisukuma pistoni chini. Kwenye detonesheni, mchanganyiko wa hewa na mafuta ulio pembeni, ambao moto haujaufikia, unabanwa na kupashwa joto mpaka unajiripua wenyewe kwa mkupuo. Wimbi la presha linagonga kuta za silinda. Kwenye EJ20, injini ya Subaru yenye kipenyo cha silinda cha milimita 92, wimbi hilo hutetema takriban mara 6,200 kwa sekunde, na sauti ya namna hiyo ndiyo inayosikilizwa na sensa ya kugonga iliyofungwa kwenye bloku.

Detonesheni inaumiza sehemu mbili. Inafuta tabaka jembamba la hewa isiyo moto sana linaloikinga pistoni, hivyo kingo za pistoni zinalika na kuta za mifereji ya ringi zinakatika. Halafu inampiga konrodi nyundo kutoka juu, na pigo hilo linaishia kwenye beringi.

Beringi ya konrodi si ile ya gololi. Ni maganda mawili ya nusu duara yanayokumbatia kranki: mgongo wa chuma, juu yake mchanganyiko wa shaba au alumini, na nyingi zina tabaka laini sana la mwisho. Nafasi kati ya ganda na kranki ni kama milimita 0.02 hadi 0.05, nyembamba kuliko unywele wako. Ndani ya nafasi hiyo kranki inaelea juu ya oili. Kinachojenga utando huo wa oili ni mzunguko wenyewe: kranki ikizunguka inaivuta oili chini yake. Kwa hiyo hali mbaya kuliko zote ni mzigo mkubwa kwenye mzunguko mdogo. Ukikanyaga mpaka mwisho ukiwa gia ya nne, mshale uko mizunguko 2,000 kwa dakika, unapanda Kimara na abiria wanne, utando ni dhaifu, busti (presha ya hewa ya tabo) imejaa, na detonesheni ikitokea hapo inapiga chuma kwa chuma.

Ikishaanza, inajiendesha yenyewe. Tabaka laini linapasuka, linabanduka, nafasi inapanuka, oili inavuja pembeni, presha inashuka, joto linapanda. Mwishowe ganda linashikana na kranki na kuzunguka nayo, linaziba tundu la oili, na kama bado unaendesha, konrodi inatoboa bloku.

Hatua ya 1: Sikiliza, halafu uzime

Detonesheni inasikika kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la maziwa. Inakuja unapokanyaga, gari likiwa na mzigo, na inakata palepale ukiachia. Gari likiwa limesimama halina habari nayo. Ukiweka muziki hutaisikia kabisa, na kwenye magari mengi yenye ekzosi kubwa huisikii hata ukizima redio.

Beringi iliyokwisha ni sauti nzito ya nyundo, inayofuata mzunguko wa injini. Ipandishe injini kidogo hadi kama 2,500, ishikilie hapo, kisha iachie taratibu: pale mzigo unapobadilika ndipo beringi inasema. Injini ikiwa ya moto sauti inazidi, kwa sababu oili imekuwa nyepesi.

Kuna sauti mbili zinazowatia watu hofu ya bure. Pistoni za Subaru nyingi hupiga kuta asubuhi injini ikiwa baridi, na sauti inapotea ikipata moto. Na bati la kukinga joto la ekzosi likilegea linagonga sawasawa na injini iliyonoki. Lishike kwa koleo kabla hujalia.

Kutambua ni silinda ipi, chomoa plagi ya umeme ya koili moja moja injini ikiwa inaunguruma, kwa sekunde chache tu. Ukizima silinda yenye ugonjwa, mzigo unaiondoka konrodi ile na sauti inapungua au inabadilika.

Ukishathibitisha ni beringi, zima. Usiseme "nitaisogeza taratibu mpaka gereji". Safari ya kutoka Mwenge mpaka Ilala inatosha kuigeuza kranki ya kuchonga kuwa bloku ya kutupa. Ita bredauni la kubeba, si la kuvuta matairi mawili juu, kwa sababu gari linaloendesha magurudumu yote manne halivutwi huku mawili yanazunguka barabarani. Hilo litakuulia na gia boksi.

Hatua ya 2: Oili inasema kabla ya kufungua chochote

Pima kwanza kimo, gari likiwa sehemu tambarare na limezimwa dakika kadhaa. Kwenye Subaru, alama ya chini na ya juu zimeachana kwa karibu lita 1, kwa hiyo "imepungua kidogo tu" si neno dogo kwenye injini inayobeba lita nne na ushee. Ukikata kona kali na oili imepungua, pampu inavuta hewa.

Nusa. Oili inayonuka petroli imechanganyika na mafuta yasiyoungua, imekuwa nyepesi, haijengi utando.

Kisha mwaga oili kwenye beseni safi, kwenye mwanga wa jua, na uikate filta. Hapa wengi wanaharibu ushahidi: wanaikata kwa msumeno wa chuma, unga wa msumeno unaingia ndani, halafu wanashtuka kuona vyuma. Tumia mkasi wa bati au kifaa cha kukatia filta. Vuta karatasi ya ndani, ikunjue, ikamue, itazame. Unga wa kung'aa wa rangi ya fedha au wekundu wa shaba, usioshikwa na sumaku, ni beringi. Vipande vinavyoshikwa na sumaku ni chuma: kranki, kemshafti au gia ya pampu. Vikiwa vimechanganyika, ujue kranki nayo imeumia.

Hatua ya 3: Pima presha ya oili kwa geji ya mkono

Taa nyekundu ya oili ni taarifa ya msiba, haiwaki mapema. Toa swichi ya presha, funga geji ya mkono kwenye tundu lake, pasha injini moto kamili. Kitabu cha Subaru kwa injini za EJ kinataka angalau kPa 98, yaani kama psi 14 (vyote ni vipimo vya presha), kwenye mzunguko wa 600, na kPa 294, kama psi 43, kwenye 5,000, oili ikiwa nyuzi 80. Kwa injini zingine tafuta kitabu chake, na kama huna, kanuni ya zamani ya mafundi ya psi 10 kwa kila mzunguko 1,000 inakupa picha. Presha nzuri ikiwa baridi na mbaya ikiwa moto ni dalili ya nafasi zilizopanuka. Ila kama sauti ya nyundo ni kubwa, usiipandishe injini mpaka 5,000 kutafuta namba. Umeshapata jibu.

Hatua ya 4: Plagi ni kioo cha detonesheni

Toa plagi zote, zipange kwa namba za silinda, chukua lenzi ya kukuzia na tochi. Tazama kauri nyeupe. Vidoadoa vyeusi kama pilipili manga, au chembe ndogo za kung'aa, ni alama ya mripuko: hizo za kung'aa ni alumini ya pistoni yako. Kauri iliyopasuka ni hatua mbele zaidi. Kauri nyeupe pe kama chaki inasema joto limezidi au mafuta hayatoshi.

Kwenye plagi za NGK na Denso, namba kubwa ni plagi baridi zaidi. Kwenye Bosch na Champion ni kinyume, namba kubwa ni ya moto zaidi. Nimeona mtu anatoka Kariakoo na plagi za namba kubwa akidhani amenunua baridi, kumbe amewasha jiko. Kama gari limeongezwa busti, wengi hushuka ngazi moja kwenda baridi na kupunguza nafasi ya cheche hadi milimita 0.7 au 0.8.

Hapohapo pima kompresheni (mbano wa hewa ndani ya kila silinda). Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, huenda ukuta wa mfereji wa ringi umeshakatika, na hapo beringi peke yake haitakutibu.

Hatua ya 5: Soma kompyuta ya gari, usifute chochote kwanza

Misimbo ya P0325, P0327 na P0328 inahusu sensa ya kugonga. Sensa ikifa, baadhi ya magari yanarudisha cheche nyuma (yanaichelewesha) kwa usalama na gari linakuwa zito. Mwenye gari anaambiwa "iondoe tu". Usiiondoe, na usiifunge kwa nguvu za mkono: inataka toki yake (kipimo maalumu cha nguvu ya kukaza), juu ya chuma safi. P0171 ni mchanganyiko wenye hewa nyingi, na kwenye gari la tabo huo ni mlango wa detonesheni.

Kwenye Subaru kuna namba moja naipenda kuliko zote, IAM. Ni kiasi cha imani ambacho kompyuta inacho juu ya mafuta unayotia. Kulingana na aina ya kompyuta, kamili ni 1 au 16. Injini ikigonga mara kwa mara, kompyuta inaishusha na kurudisha cheche nyuma. Ukiona 0.6, gari linakuambia limekuwa likigonga kwa muda. Baadhi ya Subaru za Japani hazisomeki kwa kifaa cha kawaida cha Bluetooth, zinahitaji programu inayoelewa Subaru. Na anayenunua gari asikilize hili: muuzaji akichomoa terminali ya betri asubuhi, kumbukumbu yote inafutika na namba inaanza upya katikati. Ukikuta kompyuta imefutwa siku ya kuonyeshwa gari, uliza kwa nini.

Hatua ya 6: Fungua, na usiache ganda hata moja lipotee

Kanunue trei ya mayai. Andika kila shimo kwa kalamu: silinda ya 1 upande wa konrodi, silinda ya 1 upande wa kifuniko, na kuendelea. Kila ganda liingie shimo lake papo hapo linapotoka, kisha piga picha. Mwambie fundi kabla hajaanza, kwa heshima, kwamba maganda yote na filta ya zamani ni mali yako na unayataka. Fundi mzuri hatakasirika.

Sasa yasome. Nguvu ya mwako inasukuma kutoka kwenye pistoni, kwa hiyo inalielemea ganda la upande wa konrodi. Ganda la upande wa kifuniko hubeba zaidi mvuto wa pistoni kwenye mizunguko mikubwa. Kama upande wa konrodi umelika mpaka shaba inaonekana, au una mipasuko kama udongo uliokauka, na upande wa kifuniko bado una rangi yake ya kijivu, umepata alama ya nyundo: detonesheni, au kuendesha na mzigo mkubwa kwenye mzunguko mdogo. Kama pande zote mbili zimefutika, zimesambaa na kuungua kuwa bluu au nyeusi, oili haikufika. Mikwaruzo inayozunguka na chembe zilizojichimbia ni uchafu. Na kama ganda moja limelika ukingo wa kushoto na mwenzake ukingo wa kulia, konrodi imepinda.

Maganda yangu ya safari ya pili yalitoka hivi: silinda ya 4, upande wa konrodi shaba tupu, upande wa kifuniko karibu mapya. Mzee akayaweka kiganjani, akaniambia, "Oili yako haina kosa. Nenda kwenye mafuta."

Hatua ya 7: Mtafute muuaji

Anza na petroli, lakini usiishie hapo. Magari haya yalipangwa kwa mafuta ya Japani. Kiwango cha huko kinataka petroli ya kawaida iwe na okteni ya utafiti (RON, kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili detonesheni) isiyopungua 89, na ya daraja la juu isiyopungua 96. Injini nyingi za tabo za kule zinadai hiyo ya juu. Fungua kifuniko cha tanki, kama kuna kibandiko cha Kijapani kipige picha na ukitafsiri kwa simu. Kisha uliza kituoni kwako wanauza okteni ngapi. Gari ambalo kompyuta yake imeandikiwa ramani (mpango wa cheche na busti) ya mafuta bora zaidi ya unayotia ni lazima lipangwe upya, cheche zirudi nyuma na busti ipungue.

Uchakachuaji ni ugonjwa mwingine. Tunakumbuka mwaka 2011, Serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na mafuta mengine, na vinasaba vinavyowekwa kwenye mafuta vinasaidia kuwakamata wachakachuaji. Mafuta ya taa yana okteni ya chini mno, kiasi kidogo kinatosha kuiumiza injini ya tabo. Jaza kwenye kituo kimoja chenye mzunguko mkubwa wa wateja, tunza risiti, na ukibadili kituo sikiliza gari siku hiyo. Chupa za kuongeza okteni zisikudanganye: zikisema zinaongeza pointi 10, mara nyingi pointi 10 zao ni okteni 1.

Pampu ya mafuta ndiyo iliyokuwa muuaji wangu. Kipimo ni hiki: funga geji ya presha kwenye njia ya mafuta, ibandike nje kwenye kioo cha mbele uione ukiwa ndani, kamwe usipitishe mpira wa petroli ndani ya gari. Ukichomoa mpira wa vakyumu wa regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta), EJ inapaswa kuonyesha kama psi 43. Urudishe mpira. Kila psi moja ya busti inapaswa kuongeza psi moja ya mafuta, kwa hiyo kwenye busti ya psi 14 unataka kuona 57 au 58. Ya kwangu ilipanda mpaka 46 ikagoma. Kichujio ndani ya tanki kilikuwa kimejaa tope na pampu yenyewe imechoka. Kila nilipokanyaga, mchanganyiko ulikosa mafuta wakati ulipoyahitaji zaidi. Gereji ya kwanza hawakuigusa, na sikuwaomba waiguse.

Kama una sensa pana ya mchanganyiko, kwenye busti kamili tafuta sehemu 11 hadi 11.8 za hewa kwa moja ya mafuta. Ukiona 13 hapo, achia mguu.

Joto la Dar linahitaji hesabu yake. Tabo ikiipandisha presha ya hewa kuwa mara mbili, kwa ufanisi wa asilimia 70, hewa iliyoingia na nyuzi 5 za baridi ya Tokyo inatoka na kama nyuzi 92. Ileile ikiingia na nyuzi 32 za kwetu inatoka na kama 127. Intakula (kipoza hewa ya tabo) ndiyo inayotakiwa kulishusha joto hilo, na kwenye Subaru imekaa juu ya injini. Dakika arobaini za foleni zinaigeuza kuwa sahani ya moto. Ukitoka kwenye foleni ya Mwenge na barabara ikafunguka, mpe dakika mbili tatu za mwendo wa kawaida hewa ipite kwanza. Unyevu wa pwani unasaidia kidogo kupunguza detonesheni, lakini hauwezi kulipa deni la joto.

Waliopanga magari yao Arusha nao wasikie. Kule juu, mita kama 1,400, hewa ina kPa 86 hivi. Hapa pwani ina 101. Ukiwa na kidhibiti cha busti cha mkono kilichowekwa psi 14.5 kule, ukishuka nacho hapa silinda inapata hewa takriban asilimia 8 zaidi kwa geji ileile. Shusha busti kabla ya kushuka mlima.

Yaliyobaki ni ya haraka: safisha sensa ya hewa, tafuta mipira ya busti inayovuja, angalia rejeta na feni, na funga kopo la kunasa mvuke wa oili, maana mvuke huo ukirudi kwenye silinda unashusha okteni.

Kama maganda yako yalisema oili, basi kwenye EJ tazama bomba la kunyonyea oili ndani ya sampu (beseni la oili chini ya injini), linajulikana kwa kupasuka kwenye kiungo chake na kuivutisha pampu hewa. Tazama pia boliti zenye tundu zinazopeleka oili kwenye tabo, kwa zile zenye kichujio kidogo ndani. Kikiziba, tabo inakufa kwa kiu na unga wake unamwagika kwenye oili yako.

Hatua ya 8: Kufunga upya

Kranki ipimwe kwa maikromita sehemu kadhaa, ionekane kama imekuwa na umbo la yai. Msasa peke yake hautoshi. Ikichongwa, iende na beringi za saizi yake, milimita 0.25 au 0.50, na ukumbuke kwamba kranki nyingi za injini za tabo zimetiwa ugumu kwa juu, kuchonga sana kunaondoa tabaka hilo. Kwa gari la nguvu, mimi nanunua kranki nzima kuliko kuchonga. Pima nafasi kwa uzi wa plastiki wa kupimia, usiamini boksi, hasa ukinunua mtaani ambako boksi zuri halithibitishi kilichomo. Boliti za konrodi ziwe mpya, zifungwe kwa spana ya toki.

Kula ya oili, yaani kipoza oili, badilisha. Sisemi safisha. Vyuma hujificha ndani ya mapezi yake na hutoka vikiwa vimechelewa, kwenye beringi mpya. Njia zote za oili za bloku zioshwe kwa brashi na kupulizwa, na tabo ifunguliwe ikaguliwe. Hii ndiyo siku ya kutumia pesa, hata kama imebidi gari lisubiri mwezi mzima.

Hatua ya 9: Kuwasha

Paka grisi ya kufungia kwenye maganda. Jaza filta oili kama imekaa kwa namna inayoruhusu. Chomoa koili na umeme wa mafuta, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande. Ndipo urudishe na kuwasha. Bila busti kwa kilomita za mwanzo, bila kukaa kwenye mzunguko mmoja, bila gia kubwa kwenye mlima. Kilomita 50, mwaga oili. Kilomita 500, mwaga tena, ukate filta kwa mkasi wa bati, uitandaze juani. Mng'ao hafifu mara ya kwanza ni wa kawaida. Mara ya pili iwe karibu safi. Ukiukuta wekundu wa shaba kwenye ile ya 500, usisubiri sauti: toa sampu siku hiyohiyo, chukua trei ya mayai, uanze kusoma upya.